Zenith ya Le Locle na fundi aliyepandisha kalibu darini (uzi mrefu)

#1 FundiMajira

Wakuu salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Juzi kuna mdau aliuliza kama saa za Zenith ni zile za kampuni ya redio ya Marekani. Nilimjibu kwa kifupi kwamba hapana, nikaahidi kuleta habari kamili. Leo natimiza ahadi. Habari ni ndefu, nitaileta vipande vipande, na mwenye swali asisubiri mwisho. Mimi ni fundi saa, nina miaka 24 kwenye kazi hii, na kati ya saa zote za Uswisi zinazopita mezani kwangu, Zenith ndiyo ninayoifungua kwa moyo wa pekee. Sababu mtaiona.

Tuanze na mji wenyewe. Le Locle ni mji mdogo kwenye milima ya Jura, jimbo la Neuchâtel, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa, zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake ni kali na theluji hukaa miezi. Zamani wakulima wa huko theluji ikishafunika mashamba hawakuwa na la kufanya nje, basi walikaa dirishani wakichonga vipuri vya saa. Huyu anatengeneza magurudumu ya meno, nyumba ya pili wanatengeneza skrubu, ya tatu wanapaka nyuso za saa. Kisha anapita mfanyabiashara anakusanya vyote na kuwapa wengine waunganishe. Utaratibu huo ulilisha milima ile kwa vizazi. Mpaka leo Le Locle na jirani yake La Chaux-de-Fonds zimejaa majengo yenye safu ndefu za madirisha, maana fundi saa bila mwanga hana kazi. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza miji hiyo miwili kwenye orodha ya urithi wa dunia kwa sababu hiyo hasa, kwamba mji mzima ulipangwa kuifuata kazi ya saa.

Mwaka 1865 kijana wa miaka 22, Georges Favre-Jacot, alifungua karakana yake hapo Le Locle. Jambo lililomkera ni huo mtawanyiko. Kipuri kinatoka nyumba hii, kingine nyumba ile, vipimo havilingani, na fundi wa mwisho anapoteza siku nzima akisugua kwa tupa ili vikubaliane. Akaamua kuwaweka wote mahali pamoja: mchongaji, mpaka rangi, mtengeneza kasha, mrekebishaji, wote chini ya paa moja wakitumia vipimo vya aina moja. Leo tunaliona jambo la kawaida, lakini kwa wakati ule na kwa watu wale waliozoea kufanyia kazi nyumbani karibu na jiko la kuni, lilikuwa geni. Majengo yaliongezeka mwaka hadi mwaka. Huyu bwana alipenda kujenga kweli kweli. Mwaka 1912 alimpa kazi ya kumjengea nyumba kijana wa La Chaux-de-Fonds ambaye wakati huo hakujulikana, Charles-Edouard Jeanneret. Dunia ilikuja kumjua baadaye kwa jina la Le Corbusier.

Jina Zenith mwanzoni lilikuwa la mashine moja tu ya saa, si la kampuni. Zenith ni ile sehemu ya anga iliyo wima juu ya kichwa chako, na ndiyo maana ya ile nyota mnayoiona kwenye saa zao. Mashine hiyo ilishinda tuzo kubwa kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900, na mwaka 1911 kampuni nzima ikachukua jina hilo.

Nitaendelea baadaye, kuna mteja.

#2 Kipepeo wa Pwani

Mkuu FundiMajira tupo, tumekaa mkao wa kusikiliza. Swali dogo: hizo saa watu gani walikuwa wanazivaa? Matajiri tu?

#3 FundiMajira

Kipepeo, hapana, si matajiri tu. Zenith iliuza saa nyingi za mfukoni kwa watu wa kazi, wakiwemo wa reli na wa majeshi. Ila kuna majina mawili nitakutajia.

La kwanza ni Louis Blériot, Mfaransa aliyekuwa mtu wa kwanza kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa ndege, Julai 1909. Mkononi alikuwa na Zenith. La pili ni Mahatma Gandhi. Alikuwa na Zenith ya mfukoni ya fedha yenye kengele ya kuamsha. Wengi tunazo picha kichwani za mzee yule na shuka lake, na saa ikining'inia kiunoni. Vitu vyake vilikuwa vichache mno, na saa ilikuwa mojawapo kwa sababu alikuwa mkali sana wa muda. Saa hiyo ilipigwa mnada New York mwaka 2009 pamoja na miwani na kandambili zake.

Sasa nirudi kwenye ufundi. Pale Neuchâtel kulikuwa na kituo cha kupimia nyota kilichoanzishwa mwaka 1858, na kazi yake mojawapo ilikuwa kupima usahihi wa saa. Makampuni yalipeleka saa zao kushindana. Saa inawekwa wiki kadhaa, inalazwa chali, inasimamishwa wima, inageuzwa upande, inatiwa kwenye baridi, inatiwa kwenye joto, na kila siku wanaandika imewahi au imechelewa kwa sehemu gani ya sekunde. Hakuna maneno ya tangazo pale, ni namba tu. Zenith walitengeneza mashine maalumu iitwayo Kalibu 135, kazi ya mhandisi Ephrem Jobin, wakawakabidhi warekebishaji wao bora waikalie kwa miezi. Ilishika nafasi ya kwanza Neuchâtel miaka mitano mfululizo, 1950 hadi 1954. Kwa fundi yeyote hiyo ndiyo heshima.

Neno "kalibu" hapo ni jina la aina ya mashine ya saa. Naomba msilichanganye na kalibu nitakayoitaja mbele, ile ya kukatia chuma. Hiyo ndiyo itakayobeba habari yenyewe.

#4 Baba Rehema

Shikamoo fundi, au marahaba, sijui nani mkubwa. Mimi nimesikia Zenith ndio waliotengeneza ile saa ya kwanza ya "kronografu" inayojijaza yenyewe. Kuna wengine wanasema ni Seiko. Ukweli ni upi?

#5 FundiMajira

Baba Rehema, marahaba kama nimekuzidi, na kama umenizidi basi pokea shikamoo.

Kwanza tuwekane sawa kwa wasiojua. Kronografu ni saa ya kawaida iliyoongezewa kipima muda: unabonyeza kitufe mshale unaanza, unabonyeza unasimama, unabonyeza kingine unarudi sifuri. Saa ya kujijaza ni ile yenye bamba la nusu duara ndani, mkono ukitikisika linazunguka na kukaza springi, huna haja ya kuijaza kila asubuhi. Kila kimoja kilikuwepo miaka mingi. Kuviweka pamoja ndani ya kasha moja ndiko kulikowashinda watu, maana vyote vinagombea nafasi ile ile.

Zenith walianza kuifanyia kazi mwaka 1962, wakitaka iwe tayari kwa miaka mia ya kampuni, yaani 1965. Walishakuwa wamenunua kiwanda cha jirani, Martel, mwaka 1960, ambacho watu wake walikuwa wazoefu wa kronografu. Hata hivyo 1965 ilifika haijaiva. Ilitangazwa tarehe 10 Januari 1969, ikaitwa El Primero, Kihispania hicho, maana yake "ya kwanza".

Sasa ugomvi. Mwezi Machi mwaka huo huo kundi la makampuni ya Heuer, Breitling, Hamilton-Buren na Dubois Dépraz nao wakatangaza ya kwao. Na Seiko kule Japani wakaanza kuuza yao mwaka huo huo. Kwa hiyo jibu linategemea unachohesabu. Aliyetangaza kwanza ni Zenith. Ukihesabu kuingia dukani, mabishano hayaishi na mimi sitayaongezea kuni. Kwangu mimi hoja si nani alitangulia kwa wiki ngapi, hoja ni nani alitengeneza kitu gani. Kundi la Heuer lilichukua mashine ya kujijaza likaibandika sehemu ya kipima muda juu yake. Zenith waliichora upya yote tangu skrubu ya kwanza, bamba la kujaza likiwa katikati na kila kitu kikiwa mwili mmoja, kwa unene wa milimita 6.5 tu.

Na kuna kasi. Saa nyingi za wakati ule mizani yake (lile gurudumu linaloyumba huku na huku na kuipa saa mapigo) ilipiga mara 5 kwa sekunde, 18,000 kwa saa. El Primero inapiga mara 10 kwa sekunde, 36,000 kwa saa. Maana yake mshale wa kipima muda unaweza kusimama kwenye sehemu ya kumi ya sekunde.

Niwaeleze nilivyoiona. Miaka kama tisa iliyopita kijana mmoja aliniletea saa ya marehemu baba yake aliyekuwa baharia. El Primero ya mwanzoni mwa miaka ya 70, kioo kimechanika, mkanda umeoza kwa jasho na chumvi. Kabla sijaifungua niliiweka sikioni. Saa ya kawaida unaweza kuhesabu mapigo yake ukijitahidi. Hii haihesabiki. Ni kama mvua nyembamba juu ya bati. Nilipofungua mgongo na kuinamia na lensi nikabonyeza kitufe taratibu, nikaliona gurudumu la nguzo likisogea hatua moja. Ni gurudumu dogo lenye nguzo zilizosimama juu yake duara. Ncha ya wenzo inakaa juu ya nguzo, gurudumu likisogea ncha inaanguka kwenye uwazi kati ya nguzo mbili, na kipima muda kinashika. Kidoleni unasikia kitu kidogo sana, kigumu na safi. Nilibonyeza na kuachia labda mara thelathini, kijana ananiangalia tu.

Jambo lingine linaloonyesha akili ya waliochora: kwa kasi ile mafuta ya kawaida kwenye gurudumu la kuachia nguvu yangerushwa yote pembeni. Wakatumia kilainishi kikavu. Fundi asiyejua akiweka mafuta ya kawaida pale, baada ya muda saa inaanza kuchoka.

#6 Nyota ya Asubuhi

"Kama mvua nyembamba juu ya bati." Nimeisikia kabisa. Endelea fundi.

#7 FundiMajira

Naendelea. Sasa tunaingia penye uchungu.

Mwaka ule ule wa 1969, tarehe 25 Desemba, Seiko walianza kuuza Tokyo saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi, Astron. Bei yake ilikaribia bei ya gari dogo, lakini kila mwenye macho aliona inakoelekea. Kwatzi ni kijiwe kinachotetemeshwa na umeme wa betri. Siku hizi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Linganisha na 10 za El Primero, iliyokuwa kati ya saa zenye kasi kubwa kabisa za mashine. Hakuna fundi wa Neuchâtel ambaye angeweza kuifikia kwa usahihi. Na miaka ilivyosonga bei yake ikashuka mno.

Uswisi iliumia. Mwaka 1970 kazi ya saa iliajiri watu wapatao 90,000. Katikati ya miaka ya 80 walibaki elfu thelathini na kitu. Makampuni yalikuwa kama 1,600, yakabaki kama 600. Fikirieni mji kama Le Locle ambao tangu babu wa babu hakuna kazi nyingine.

Mwaka 1971 Zenith ilinunuliwa na kampuni ya Chicago iitwayo Zenith Radio Corporation, watengenezaji wa redio na televisheni. Mdau wa juzi, hapo ndipo ulipochanganya na hukukosea sana: majina yalifanana kwa bahati tu, kisha moja likamnunua mwenzake. Hawa walikuwa watu wa umeme. Waliona kwatzi ndiyo njia, na mwaka 1975 ikatoka amri Le Locle: acheni saa za mashine, zote. Mitambo na vifaa vya kutengenezea viuzwe, na kilichokuwa chuma kiuzwe kwa uzito.

Nikisema vifaa, naomba muelewe ni nini. Kipuri cha saa hakichongwi kimoja kimoja kwa mkono. Kuna kalibu ya chuma kigumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kipuri kile tu. Unaweka bamba, presi inashuka, kipuri kinakatika kwa umbo lake. Wenzo una kalibu yake, daraja (bamba linaloshikilia magurudumu) lina kalibu yake. El Primero ina vipuri zaidi ya mia mbili na nusu. Kutengeneza kalibu hizo ilikuwa kazi ya miaka na fedha nyingi. Ukiziyeyusha, hata ukiwa na michoro yote, unaanza moja.

Pale kiwandani kulikuwa na mkuu wa karakana ya kronografu, Charles Vermot. Alikuwa mmoja wa waliofanya kazi kwenye El Primero. Aliwaandikia wakubwa akiwaambia kwamba yeye hapingi maendeleo, ila mambo ya dunia hupanda na kushuka, na wanakosea kudhani saa ya mashine itakufa kabisa. Hawakumsikiliza.

Basi jioni, wenzake wakishaondoka, Vermot alianza kupandisha vitu darini. Kalibu zipatazo 150, kamu, visu vya kukatia, vipimo. Vitu vizito, ngazi nyembamba, mtu mzima na usiku wa milimani. Kila alichokipandisha alikiandikia lebo. Na kitu kinachonishika mimi zaidi ya ule uzito wa chuma ni kwamba aliandika kila hatua ya kazi: kalibu hii ni ya kipuri gani, inafuata nini, mashine inaundwa kwa mpangilio upi. Kisha akafunga mlango, akanyamaza.

Mashine kubwa hakuweza kuzificha. Zile ziliuzwa.

#8 Mhasibu1

Fundi, uzi mzuri ila nitakuwa upande wa pili kidogo. Huyo Vermot alikuwa mwajiriwa. Mwenye mali ameagiza mali yake iuzwe, wewe unaificha. Kwa sheria za kazi hilo ni kosa. Na wale Wamarekani hawakuwa wajinga, takwimu zilikuwa mbele yao, kwatzi inashinda kwa bei na kwa usahihi. Chuma kisichozalisha ni hasara, kinakula nafasi. Mimi ningekuwa mhasibu wao ningeshauri vile vile.

#9 Baba Rehema

Mhasibu una hoja, lakini mzee hakuiba. Aliviweka ndani ya jengo lile lile la mwenye mali.

#10 FundiMajira

Mhasibu1, nakushukuru kwa kulisema wazi. Na nakubaliana nawe kwamba wale hawakuwa wajinga. Mwaka 1975 ukipewa hesabu zile, nani angesema vingine? Vermot mwenyewe alijua anahatarisha kibarua chake.

Ila hapo uliposema chuma kisichozalisha ni hasara, naomba nikueleze kwa nini nilianzisha uzi huu. Sikutaka kuyaweka haya, lakini umenifikisha.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, Tanga. Alikuwa na kibanda karibu na soko, meza moja, droo kumi na mbili. Alifundishwa naye na Mhindi mmoja kabla ya uhuru, na vifaa vingi alirithi kwa huyo. Kulikuwa na seti ya kupigia ekseli ya mizani, ngumi ndogo ndogo za chuma, yaani vijiti vya kugongea, zaidi ya mia kwenye boksi la mbao, kila moja na tundu lake. Kulikuwa na mashine ndogo ya kukerezea ya kuzungushwa kwa upinde, unaivuta kama mtu anayepiga zeze. Kulikuwa na ngumi mbili alizozitengeneza mwenyewe kwa ajili ya saa za aina fulani zilizokuwa nyingi mjini kwetu, na hakuna duka duniani linaloziuza. Nilipoanza kujitegemea nilihamia Dar, nikawa naenda kumwona kila Idd, na kila nikikwama nilimpigia simu.

Alifariki ghafla. Nilifika siku ya pili, maziko yameshapita. Baada ya arobaini nikaenda kibandani, nikakuta droo tupu. Ndugu walikuwa wameita mtu wa chuma chakavu, akaleta mizani, akapima, akalipa kwa kilo. Boksi la mbao lilikuwa limebaki uani, mashimo yote yako wazi, kuku wanapita. Sikugombana na mtu. Hawakujua, na mimi sikuwahi kuwaambia. Lakini kosa lililoniuma zaidi ni langu: miaka yote ile sikukaa na mjomba na daftari hata jioni moja, nikamuuliza hii ya nini na ile ya nini. Mpaka leo zipo saa zinafika mezani kwangu najua kabisa kwamba mjomba alikuwa na kitu cha kuzifanya, sijui kipi.

Ndiyo maana nikimsoma Vermot naanzia kwenye zile lebo.

#11 Mhasibu1

Pole sana mkuu. Nimekuelewa. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

#12 Dada Zuhura

Pole fundi. Innalillahi. Tumalizie basi, zile kalibu zilishuka lini kutoka darini?

#13 FundiMajira

Asanteni wote kwa pole zenu. Amin.

Dada Zuhura, zilikaa huko karibu miaka tisa.

Mwaka 1978 Wamarekani waliuza, wakanunua watu wa hapo hapo Le Locle, kampuni ya Dixi ya Paul Castella, watengenezaji wa mashine za viwandani. Bila shaka jicho la mtu wa mashine kwa kalibu si sawa na jicho la mtu wa redio. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kampuni ya Ebel ilianza kununua mashine za El Primero zilizokuwa zimebaki ghalani, kwa sababu walitaka kutengeneza kronografu nzuri ya kujijaza na hawakuona nyingine ya kiwango kile. Akiba ikaanza kupungua. Hapo ndipo swali likaja: tunaweza kuzitengeneza tena?

Vermot akawapandisha darini.

Kila kitu kilikuwepo, kimeandikwa. Mwaka 1984 El Primero ikarudi kutengenezwa. Bila lile dari wangehitaji mamilioni ya faranga kutengeneza kalibu upya, na kwa hali ya kampuni wakati ule sidhani kama kuna mtu angeyatoa.

Kisha akaja mteja mkubwa. Rolex walikuwa na kronografu yao, Daytona, ambayo mpaka wakati huo ilikuwa ya kujaza kwa mkono. Walitaka ya kujijaza, wakaenda Le Locle. Walifanya mkataba wa muda mrefu na Zenith, na Daytona mpya ikatoka mwaka 1988 ikiwa na moyo wa El Primero ndani. Rolex waliibadilisha sana: waliondoa tarehe, waliweka mizani ya kwao, wakapunguza kasi hadi 28,800 ili vipuri vidumu zaidi kati ya usafishaji mmoja na mwingine. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kiasi kwamba waliipa jina lao, 4030. Waliitumia mpaka mwaka 2000 walipotoa mashine yao wenyewe. Kwa hiyo kila Daytona ya kujijaza iliyotengenezwa miaka ile 12 inatoka kwenye ukoo ule wa darini. Na fedha za mkataba ule ndizo zilizoipa Zenith pumzi.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1999 Zenith ilinunuliwa na kundi la Kifaransa la LVMH, na iko nao hadi leo. Kuna miaka walihangaika na maumbo ya ajabu ajabu ambayo mimi sikuyapenda hata kidogo, kisha wakatulia. Oktoba 2012 Mwaustria Felix Baumgartner aliporuka kwa parachuti kutoka angani, kilomita zipatazo 39 juu, alivaa El Primero. Mwaka 2017 walitoa Defy El Primero 21 ambayo kipima muda chake kinapiga 360,000 kwa saa na kupima sehemu ya mia ya sekunde. Na ile Kalibu 135 ya mashindano nayo imerudi: mwaka 2022 walichukua mashine 10 za zamani zilizowahi kupelekwa Neuchâtel, zikapambwa na fundi mkubwa Kari Voutilainen, na mwaka 2025, kwa miaka 160 ya kampuni, wakaanza kuitengeneza mashine hiyo upya.

Wako majengo yale yale. Wageni wakitembelea kiwanda hupandishwa darini kuonyeshwa rafu za Vermot.

#14 Kipepeo wa Pwani

Fundi, nina swali la kikazi. Nyumbani kuna Zenith ya babu, ya kujaza kwa mkono, ndogo, uso umeingia rangi ya chai. Ikijazwa inatembea kama robo saa inasimama. Nifanyeje? Kuna mtu mtaani anasema aweke mashine ya betri ndani itembee vizuri.

#15 FundiMajira

Kipepeo, nakuomba sana usimruhusu. Akishatoa mashine ile, mara nyingi hukata na sehemu ya kasha ndani ili ya betri ikae, na hapo hakuna kurudi.

Kusimama baada ya robo saa kwa saa ya miaka hiyo mara nyingi ni mafuta yaliyokauka yakawa kama gundi. Usiendelee kuijaza na kuitikisa, maana mahali mafuta yalipokauka chuma kinasugua chuma, na ekseli zinalika. Iache ikae. Tafuta fundi anayefungua mashine yote, kila gurudumu pekee yake, anaosha, anakausha, anaweka mafuta mapya pale panapotakiwa tu. Ukimkuta anataka kudondoshea mafuta kutoka juu bila kufungua, mchukulie saa yako uondoke kwa heshima. Na huo uso wa rangi ya chai usimruhusu mtu kuupaka upya. Rangi ile babu yako aliiona ikibadilika.

#16 Dada Zuhura

Fundi FundiMajira, uzi huu umenitoa machozi na nitakuambia kwa nini. Marehemu baba yangu alikuwa fundi saa Mombasa. Boksi lake liko chini ya kitanda cha mama tangu 2011. Hatujalifungua. Wiki iliyopita kaka yangu amesema wakati wa kupaka rangi nyumba tutoe takataka zote. Mama ana miaka 81, akili yake nzima kabisa, na alikuwa anakaa naye dukani jioni. Nifanye nini?

#17 FundiMajira

Dada Zuhura, soma hii sasa hivi halafu mpigie kaka yako kabla hujalala.

Boksi lisihame. Usimwage vitu mezani, maana mpangilio aliouacha baba ndani ya droo nao ni maandishi. Piga picha kwanza, kila droo kama ilivyo, kwa mwanga wa dirishani. Kisha toa kimoja kimoja, mshikishe mama mkononi umuulize, hiki baba alikuwa anafanyia nini? Asipokumbuka jina si kitu, mwache aonyeshe kwa mkono alivyokuwa akikishika. Andika hayo hayo anayosema kwenye karatasi ndogo, ifunge na uzi kwenye kifaa hicho, kirudishe kwenye droo yake. Vyenye kutu usivisugue, vifunge kwenye kitambaa kikavu tu.

Nitumie picha faragha. Nitakwambia ninavyovijua. Visivyojulikana tutaviweka humu, kuna mafundi wazee wanasoma wasiandike.

Na kama kuna ngumi ndogo za chuma kwenye boksi la mbao lenye mashimo, nipigie hata kama ni usiku.

#18 Dada Zuhura

Nimeongea na kaka. Boksi halihami. Jumamosi naenda kwa mama na daftari.